Baraza Lililokwenda kwa Wenye Njaa

Hapo zamani, enzi ambazo hata waongo walikuwa na haya, palikuwa na mtu mmoja katika nchi ya Tandamwe, jina lake Sadala. Watu walimwita Sadala Tendegu, kwa kuwa kitanda chake kilikuwa na matendegu manne, naye akihesabiwa kuwa la tano. Mwenyewe hakuudhika. Alikuwa akisema, "Afadhali mimi, kuna wenye vilemba wasiobeba hata godoro." Kazi hakuwa nayo, shamba hakuwa nalo, na mali yake ilikuwa mkewe Bi Mize, ulimi wake, na binti mmoja, Mwanaharusi, aliyeolewa ng'ambo ya mto katika nchi ya Rufumbi.

Basi mwaka mmoja nzige wakashuka Rufumbi, wakala mtama, wakala majani, wakaacha mawe tu. Habari zikamfikia Sultani Mkadamu wa Tandamwe, akasikitika kweli, maana hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mawaziri wengi. Akaamuru, "Rufumbi ni jirani zetu. Wapelekewe mchele na mtama kutoka ghalani kwangu, na mawaziri wanaohusika washirikiane."

Na hilo la kushirikiana ndilo lililoharibu mambo.

Waziri wa Ghala akasema, "Nafaka iko tayari, lakini siwezi kufungua mlango mpaka niwaone punda wamesimama nje." Waziri wa Punda akasema, "Punda wako tayari, lakini punda asimamaye bure hula bure. Nionyesheni kwanza mzigo." Waziri wa Salamu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungumza na nchi za watu, akasema, "Haifai mzigo kuingia nchi ya watu kabla ya salamu, wala salamu haziendi mikono mitupu." Na Waziri wa Muhuri, mzee asiyependa haraka, akasema, "Hakitoki kitu bila muhuri wangu, nami sipigi muhuri kitu ambacho hakijatoka." Kila mmoja alikuwa na haki yake, na haki zote zikafika mlangoni pamoja zikabanana. Ikawa hapana budi kukaa baraza.

Sasa, Tandamwe walikuwa na desturi kwamba baraza halikai na kinywa kikavu. Chakula chake kilitoka katika lile jambo linaloshauriwa: wakishauri habari za ng'ombe, huchinjwa ng'ombe, wakishauri habari za visima, hunywewa maji, na ndiyo sababu habari za visima hazikushauriwa sana. Chakula hicho hakikungoja muhuri wala salamu. Popote baraza lilipokaa, kililifuata, na kilichobaki hakikurudi ghalani, kwa kuwa ni nuksi, bali kiliachwa kwa mwenyeji.

Basi mawaziri wakakaa kuushauri msaada wa Rufumbi, na kila walipokaa wakaula. Wakaja na makatibu wao, makatibu wakaja na wapepeaji wao. Asubuhi walikubaliana kwamba jambo ni zito, na jioni wakakubaliana kwamba limezidi uzito. Sadala naye alikuwa hapo. Alijifanya mtandika mikeka, ingawa hakuna aliyemtuma, na ujira wake ukawa ukoko na makombo ya sinia. Akanawiri. Bi Mize akafurahi kwamba mumewe sasa hutoka kitandani, wala hakuuliza sana.

Siku moja akapita mchuuzi wa chumvi aliyetoka Rufumbi, akamwona, akasema, "Mzee Sadala, nimepita kwa mwanao. Anachemsha mizizi ya migomba. Ana mtoto mchanga, na maziwa yamemkauka."

Sadala alikuwa na tonge la pilau mkononi. Alilitazama, likamshinda kulipeleka kinywani na likamshinda kulirudisha, maana alijua mchele ule ni wa nani. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Amekaa mwezi mzima akijiona mjanja, kumbe anamla mjukuu wake.

Wakati huohuo Sultani akaingia kutazama kazi inavyokwenda. Akauliza, "Je, msaada umekwenda?"

Kabla mawaziri hawajameza matonge yao, Sadala akasimama na tonge lake.

"Umekwenda, maulana. Wali wake uko matumboni mwa mawaziri wako, na ukoko uko tumboni mwangu. Huko Rufumbi hata harufu haijafika."

Sultani akaghadhibika, kwa kuwa ukweli ukisemwa mbele ya watu huuma mara mbili. Akasema, "Ewe Sadala, wewe mlalaji ndiwe wa kuwafunza mawaziri wangu? Haya! Kabla ya Ijumaa nafaka iwe Rufumbi. Lakini usiguse mlango wa ghala, usiamuru punda, usipeleke salamu, wala usiombe muhuri, kwa maana hizo ni haki za wenyewe. Ikifika, omba utakalo. Isipofika, nitaukata huo ulimi."

Sadala akarudi nyumbani, akaketi kitandani, na hata kulala hakuweza. Bi Mize alipopata habari akashika kiuno.

"Ulimi ndio mali tuliyobaki nayo, nawe umekwenda kuuweka rehani! Na mwanangu je?"

"Mke wangu, hata mimi sijui. Nimejitia kushindana na mawaziri, mimi ambaye hata kuku wa jirani hunifukuza uani."

"We bwana, nawe! Umeshinda nao mwezi mzima. Ni kitu gani kinachowafanya hao wainuke? Maana mimi sijawaona wakikikimbilia kitu ila sinia."

Sadala akamtazama mkewe, akaruka kitandani, akasahau viatu.

Akafika kwa Sultani akihema, akasujudu, akasema, "Maulana, nina swali la mjinga. Kuchagua mahali pa kukaa baraza ni haki ya waziri gani?"

Sultani akafikiri, akasema, "Si ya waziri yeyote. Ni yangu."

"Basi naomba baraza la kesho likae Rufumbi, pale sokoni, wala lisiinuke mpaka likubaliane."

Sultani akaona ombi hilo halina dhara, akaamuru.

Mawaziri waliposikia, wakashika vichwa. "Mpaka tukubaliane! Jamani, tutakula nini?" Maana walijijua. Lo! Ungeyaona mambo. Waziri wa Ghala akafungua milango yote kwa mikono yake mwenyewe, akihimiza gunia baada ya gunia, asije akafa njaa ugenini. Waziri wa Punda akaleta punda wote, hata wale wa kubebea maharusi, wakasimama pale wala hakuna aliyesema wamesimama bure. Waziri wa Salamu hakuulizia salamu, aliulizia samli. Na Waziri wa Muhuri akapanda juu ya magunia akalala fofofo, muhuri umo mfukoni. Msafara ukavuka mto siku ileile. Sadala hakupewa punda; alikwenda kwa miguu nyuma ya wote, akikanyaga walichokidondosha, akajiambia kwamba ndipo mahali pake hasa.

Walipofika, watu wa Rufumbi wakatoka majumbani, wamekonda, wakasimama mbali wakiyatazama magunia. Sadala akatandika mikeka. Akatandika mbele ya mawaziri, akatandika nyuma yao, akaendelea kutandika mpaka soko likaisha, kisha akapaza sauti, "Karibuni barazani, enyi ndugu! Linashauriwa jambo la njaa, na mwenye habari zake aje aketi. Desturi yetu, aketiye barazani hali njaa."

Waziri wa Ghala akang'aka, "Hawa si wajumbe!"

Sadala akasema, "Mheshimiwa, tumeshauri njaa mwezi mzima, na hapakuwa na hata mmoja kati yetu aliyewahi kuiona. Waache waketi wanaoijua."

Watu wakaketi. Sadala akaweka swali mbele ya baraza: tupike sasa, au tupike baadaye? Bibi mmoja mzee akasema, "Sasa," na soko zima likasema, "Sasa!" Na mawaziri, ambao safari ilikuwa imewachosha na matumbo yananguruma, wakasema sasa vilevile. Ikawa wamekubaliana, na walipokwisha kula baraza likainuka. Magunia yaliyobaki hayakurudi, kwa kuwa ni nuksi.

Mwanaharusi akaja na mtoto mgongoni. Alikula kwanza, na Sadala akamtazama akila mpaka machozi yakamtoka hadharani. Kisha binti akainua macho, akamkagua babaye kutoka utosini hadi nyayoni.

"Baba, umenenepa."

"Ndiyo, mwanangu," akasema Sadala. "Nilikuwa nikishughulikia msaada wenu."

Basi wakarudi Tandamwe. Sultani akamwita Sadala mbele ya watu wote, akamwuliza, "Je, umevunja lolote katika niliyokukataza?"

"Hata moja, maulana. Mimi sikupeleka nafaka. Nilipeleka baraza, nafaka ikafuata yenyewe."

Sultani akacheka, kisha uso ukamsawijika. Akasema, "Nilidhani nina mawaziri wanne, kumbe nina midomo minne na sinia moja. Na mwenye sinia ni mimi." Akaagiza kiletwe kilemba cha hariri, akamvika Sadala kwa mkono wake. "Tangu leo wewe ni Waziri wa Ushirikiano, uwe juu ya hao wote."

Sadala akajishika kilemba. Kifua kikamtuna. Akauliza zulia lake litakuwa rangi gani, na kama atapata mpepeaji mmoja au wawili. Alikuwa bado hajajibiwa, mara mlinzi akaingia mbio, akapiga kelele, "Maulana, mtaa wa wafinyanzi unaungua! Watu wanaomba ndoo na mikono!"

Sultani akamgeukia waziri wake mpya. Sadala akakohoa, akapapasa ndevu, akasema kwa sauti nzito ambayo hakuwahi kuwa nayo, "Hili ni jambo zito. Ni vema kwanza tukae..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Macho yakamtoka, akakamata kilemba kwa mikono miwili.

"Nivue, maulana, ndilo ombi langu!" akalia. "Nivue upesi, kimeshanishika!"

Sultani akacheka mpaka akajishika mbavu, na huku akicheka akashuka kitini, akakwapua ndoo ya kwanza aliyoiona, akatoka mbio kwenda kwenye moto bila kumngoja waziri yeyote, na Sadala nyuma yake, kichwa wazi, akichota maji kwa kile kilemba.