Pikipiki ya Ambokile na Mlima wa Matamba

Kisichozunguka kwa mkono, usikitie moto. Jana katibu wa kikundi chenu cha ngoma aliwaambia maneno hayo mlipotaka kualika mji mzima kabla hamjafanya mazoezi hata mara moja, nanyi mkacheka mkidhani ameyatunga papo hapo. Hakuyatunga. Msemo huo ulizaliwa hapa hapa Chimala, kwenye uwanja uliopakana na wangu, nami nilikuwapo. Kwa kuwa mmeuliza, kaeni niwaeleze.

Jirani yangu Ambokile alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alipostaafu alinunua pikipiki kubwa ya safari kutoka kwa mmisionari aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa na injini ya pistoni mbili, kiti kipana kama kochi, na masanduku ya mizigo nyuma. Pikipiki ile ilitengenezwa kwa ajili ya barabara ndefu za tambarare, na huku chini ilikwenda vizuri mno.

Mkewe, Sekela, alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Matamba, juu kule mlimani penye baridi na mashamba ya pareto. Miaka michache kabla ya hapo alianguka kutoka kwenye lori la viazi akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini tangu siku ile hakuweza kupanda lori wala kutanua miguu akae juu ya pikipiki. Na miaka hiyo, magari yaliyopanda Matamba yalikuwa malori tu. Ndiyo kusema kwao alikuwa akikuona kwa macho kila asubuhi, pale juu mawinguni, asiweze kufika.

Ambokile hakukubali. Alichomelea kigari cha pembeni chenye gurudumu lake, akakitandika mto, akamketisha mkewe humo. Wakaondoka tukiwapungia mikono. Hawakufika mbali. Kwenye kona kali za mwanzo injini iliishiwa pumzi, ikakohoa, ikazimika. Wapita njia waliwasaidia kuigeuza. Jioni Sekela aliniambia kwamba sasa ameamini hatapaona tena kwao.

Hapo ndipo habari ya harusi ilipofika. Atupele, binti wa marehemu kaka yake, ambaye Sekela ndiye aliyemlea, alikuwa anaolewa. Msichana alituma salamu kwamba hatatoka mlangoni kama shangazi yake hayupo kumshika mkono.

Ambokile alifikiri sana. Alijua injini ile haikuwa mbovu. Ilikuwa na nguvu inapokimbia, lakini ikipanda polepole na mzigo, nguvu hiyo haikuwapo. Akamwandikia rafiki yake, fundi wa Dar es Salaam, na rafiki akamtafutia jozi ya kemshafti nyingine. Kemshafti ni mhimili wa chuma wenye vinundu; kila ukizunguka, vinundu husukuma valvu zifunguke ili injini ivute hewa na kutoa moshi. Umbo la kinundu ndilo linaloamua injini itavuta pumzi namna gani. Hizi mpya zilichongwa kwa ajili ya kuvuta mzigo mlimani. Zililetwa na basi, zimeviringishwa blanketi kuukuu kama pacha waliozaliwa jana.

Kazi aliifanya mwenyewe barazani. Alitandaza vipande vya kitambaa vya Sekela, akapanga kila nati mahali pake. Akatoa kemshafti za zamani, akaweka mpya. Kila moja ina gia yenye alama, na alama hizo lazima zitazamane, la sivyo valvu zitafunguka wakati si wake. Shida ni kwamba baraza lilijaa watu. Huyu anasalimia, yule anashauri, mwingine anauliza bei ya kitu. Ambokile alijibu wote, mikono ikiendelea.

Jumamosi asubuhi, kesho yake ikiwa harusi, pikipiki ilikuwa imefungwa yote. Mizigo ilishapakiwa, Sekela amekaa kigarini amevaa kitenge kipya, na majirani tumejaa uwanjani kusikia mngurumo. Ambokile akashika ufunguo.

Sekela akamuuliza mumewe, "Baba Ipyana, umeizungusha kwa mkono?"

"Kuizungusha nini?"

"Injini. Mimi nikibadilisha sindano ya cherehani, sikanyagi pedeli kabla sijazungusha gurudumu kwa mkono. Sindano ikigonga chuma kwa mkono, naisikia. Ikigonga kwa kasi, inavunjika."

Jirani yetu mmoja, Kalinga, akasema jua linapanda na safari ni ndefu, mama amwache mumewe awashe. Wengine wakamuunga mkono. Lakini Ambokile aliachia ufunguo. Alifungua plagi, akaweka spana kwenye nati ya mhimili mkuu, akaanza kuzungusha taratibu. Injini ilikwenda laini, kisha tukasikia kitu kikigusa, ti, sauti ndogo kama kucha kwenye sahani. Spana ikagoma.

Kalinga alisema ni ugumu wa chuma kipya, akandamize tu.

"Hapana," Ambokile akajibu. "Hii ni valvu imekutana na pistoni. Ningewasha, tusingekuwa na injini."

Akaketi chini. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu akiamini safari imekufa. Sekela akajitoa kigarini polepole, akaketi karibu naye, akakunjua kitambaa mapajani.

"Fungua," akamwambia. "Nati nipe mimi."

Alipofungua aliona kosa. Alama ya gia moja ilifunikwa na grisi, na gia ilikaa jino moja mbele ya mahali pake. Safari hii hakusalimia mtu. Alifuta, akapanga alama, akazitazama, akamwita mkewe naye azitazame. Walipofunga, Sekela aliomba spana aizungushe mwenyewe. Ikazunguka mzunguko mzima, ukapita wa pili, kimya, laini kama mchi ndani ya kinu chenye mafuta.

Ndipo Ambokile akarudisha plagi, akatia moto. Vijana wangu, ile sauti naisikia hadi leo. Haikupiga kelele. Ilitoka chini, nzito, ikatikisa vumbi la uwanja. Kalinga ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.

Waliondoka alasiri. Tulisimama barabarani tukiwaangalia wakipanda, wakipotea kwenye kona na kutokeza juu yake, wadogo zaidi kila mara. Sekela alinisimulia kwamba walipokaribia ile kona iliyowashinda, Ambokile alimwangalia, naye akamwambia asipunguze. Injini ikainamia kilima na kuvuta. Hakuna aliyeshuka, hakuna aliyesukuma. Upepo wa baridi wa kwao ulipompiga usoni, Sekela alianza kuimba, na Ambokile, ambaye hakujua kuimba, akamwitikia.

Matamba walisikia mngurumo kabla ya kuwaona. Atupele alitoka mbio bila viatu, akamkumbatia shangazi yake shingoni kabla hata hajashuka.

Siku ya pili Sekela alimshika mkono mwari akamtoa mlangoni. Zamu yake ya kuwausia maharusi ilipofika, watu walitarajia hotuba ndefu. Aliwaambia kwamba jambo lolote kubwa, nyumba, shamba, hata ugomvi, lijaribiwe kwanza polepole, kwa vidole, wasikie kama kuna kinachogongana ndani. Kikigonga, wafungue bila aibu, wapange upya. Likienda laini, basi wasiogope mlima. Kisha akayafupisha yote kwa maneno ambayo wageni walishuka nayo hadi huku chini, na ambayo katibu wenu aliwaambia jana:

Kisichozunguka kwa mkono, usikitie moto.