Mche wa Ubani wa Gamilati

Apeni kwanza kwamba hamtasema. Mmeapa? Hata mimi niliapa, na bado nawaambia.

Jangwani palikuwa na mji uliochongwa mwambani, ukinywa kisima kimoja cha siri. Jini mwenye kisima alionya: "Maji haya ni ya kunywa watu tu. Mkiniibia mara tatu, nakikausha."

Siku ya kwanza maji yakapungua, watu wakatazamana. Ya pili yakapungua, wakatukanana. Ya tatu wakavizia, mji mzima.

Wakamnasa Gamilati akimwagilia mche wa ubani; alikuwa mjane ambaye mumewe alifia safarini akifuata ubani.

"Mama wee, sisi tunalamba mawe, wewe unanywesha mti?"

"Ubani ukiota hapa, mwanangu hataufuata huko alikofia baba yake."

Papo hapo wakamsikia jini akifyonza kisima chote. Kata ya Gamilati ilikuwa ingali ikidondosha maji.