Uhuru Mmoja Ndani ya Merikebu Neema

Sogeeni. Anayetaka hadithi ya kumbembeleza akalale, hii si yake.

Palikuwa na merikebu ndogo ya vita ya Sultani mmoja, milingoti miwili na mizinga michache, jina lake Neema. Neema kwa nani sijui, maana mabaharia wake walikuwa watumwa. Watatu kati yao walijaliwa vipaji. Songoro aliogelea kama samaki. Uledi alikuwa na mgongo usioinamishwa na pipa la maji. Farjala alikuwa na jicho: akilenga mzinga, hakosi.

Mji wa Shungi ukaikataa bendera ya Sultani, Neema ikatumwa kuupiga. Farjala alizaliwa Shungi, na mama yake alikuwa bado mtumwa huko, akiteka maji ngomeni. Alipomwambia nahodha, nahodha akacheka.

"Vizuri, basi utalenga sawasawa. Mahali unapajua."

Nahodha huyo huyo akaisogeza merikebu karibu mno, ikakwama mchangani chini ya mnara wa ngome, na maji yanakupwa. Kombora la kwanza kutoka mnarani likavunja mashua ya merikebu. La pili likatoboa ubavu. Hapo akakumbuka kupiga kelele: "Sultani ameahidi uhuru kwa mtumwa atakayeokoa chombo chake!"

Uledi akashuka kwenye tundu, akaliziba kwa godoro na mgongo wake. Mbao zilimchana, maji yakamsukuma. "Mnangoja nini huko juu?" akafoka. "Mnapika?" Alipotolewa, miguu yake haikusimama tena.

Songoro akafunga nanga juu ya mapipa matupu, akaisukuma akiogelea hadi kilindini, akaizamisha ili wenzake merikebuni waivute kamba yake na kuinasua merikebu. Mbele yake ilikuwa mikoko, na nyuma ya mikoko hapakuwa na bwana. Alikwisha kuwa huru, jamani! Lakini kamba ikanasa mwambani. Akatukana, akageuka, akarudi kuinasua.

Ila mnara ulikuwa unawaua wavuta kamba. Chini ya mnara palikuwa na birika kubwa la kuhifadhia maji, na wateka maji hujificha humo vita vikipigwa. Farjala alijua.

"Piga, ndugu yangu, tunakwisha!" wakamlilia.

Akapiga. Mnara ukaporomoka juu ya birika. Hakufumba macho.

Neema ikatoka. Nahodha akawaita watatu hao. "Uhuru ni wa mmoja tu. Semezaneni. Mkinichosha, nitasema nimeiokoa mimi."

"Apewe Uledi," akasema Songoro. "Mtumwa asiyesimama, bwana atamtupa kama kapu bovu."

Uledi akacheka kwa uchungu. "Na nikiwa huru niende wapi, kwa kutambaa? Chukua wewe, mjinga uliyerudi."

Wakamtazama Farjala.

"Nautaka," akasema. "Aliye huru ndiye atakayeruhusiwa kushuka Shungi. Nikafukue lile birika. Awe hai, awe maiti, ni mama yangu."

Songoro akainamisha kichwa. "Hata mimi nautaka. Nimemtaja Uledi nisionekane mchoyo."

Nahodha akapiga mguu chini. "Nani?"

Haya, nyinyi wenye midomo mirefu. Mmoja alitoa mwili wake, mmoja aliuacha uhuru aliokwisha kuushika, mmoja alimlenga mama yake. Angepungua hata mmoja wao, wote wangezama. Na mtu asiniambie wapewe wote. Mwenye uwezo huo alikuwepo, na hakutaka.

Je, ungekuwa wewe, ungemtaja nani, na wale wawili ungewatazama kwa jicho gani?