Siwa ya Malkia Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapika na kufua, nchi ya Mbugani ilitawaliwa na Malkia Digidigi. Kimo kidogo, lakini hapindiki huyo!

Siku moja akaja Dubu kutoka nchi za baridi. Alileta taa, saa na mabomba ya maji.

"Nitavuta maji mpaka uani kwako," akasema, "na shule nitajenga. Ila nchi nitaitawala mimi. Wewe utabaki kuvaa taji na kupunga mkono."

Waziri Nyati akapiga kwato, pu! "Malkia wangu, nimtoe kwa pembe?"

"Ukimtoa huyu watakuja kumi wenye bunduki," Malkia akanong'ona. "Na watoto wetu wana kiu. Maji nayataka, shule naitaka, na nchi siitoi!"

Akamgeukia Dubu.

"Bwana Dubu, kwetu anayetawala ni yule anayepuliza siwa, pembe ya ufalme, mbele ya watu, ikalia. Lakini kwanza awe amewatendea watu kazi. Siwa yenyewe imo mle sandukuni."

Dubu akalitazama sanduku, kubwa kama kitanda. Akacheka, ho! ho! ho! Nani angemshinda kwa pumzi? Hata hakuomba lifunguliwe. Akaandika mkataba kwa mkono wake: atakayeshindwa kuiliza siwa hatadai nchi kamwe. Akapiga muhuri, ta!

Akachimba mwaka mzima. Maji yakaja, chwaa! Shule ikasimama, na watoto wakaingia darasani.

Siku ya sherehe ya kupuliza siwa, sanduku likafunguliwa. Kikafunuliwa kitambaa, kikafuata kingine, na kingine. Ndani mlikuwa na pembe ya marehemu babu yake Malkia, naye digidigi, fupi kama kidole!

Dubu akaitia mdomoni, ikapotelea humo. Pfff! Akajaribu tena. Pfff! Jasho likamtoka.

"Hebu lete." Malkia akaifuta mate, akapuliza. Piiii! Mbugani kote watu wakapiga magoti.

"Umenidanganya!" Dubu akanguruma.

"Sanduku lilikuwa mbele yako, hukuuliza. Mkataba umeuandika wewe, na nakala nimeshawapelekea wakubwa wako kule nchi za baridi, na muhuri wako juu."

Nyati akamfungulia mlango. Dubu akakwapua saa yake, akaenda zake.

Basi wanangu, maji ya mgeni kunyweni, lakini ufunguo wa nyumba msimpe.