Kilele na Kelele

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma hamjaitika, au mmeshalala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani za kale, wanyama wakisema kama sisi, palikuwa na mlima Kisungwa, mrefu, umejitenga peke yake. Chini msitu, juu yake mianzi, juu yake mawe matupu, na juu kabisa kilele cheupe cha theluji. Hakuna mnyama wa bondeni aliyewahi kufika huko.

Mwaka huo jua liliwaka, likawaka, likawaka. Mto ukabaki mchanga. Mama Ngiri alikuwa na watoto wachanga wawili, na maziwa yalikuwa yanamkauka. Alijua wasipopata maji upesi, watoto watamfia.

Kunguru akashuka kutoka mlimani, kwaa, kwaa. Akawaambia wanyama maji yapo huko juu, theluji inayeyuka. "Fuateni kilele. Msikiache."

Mama Ngiri alikuwa amepiga magoti, pua ardhini, anachimbua mizizi, fuku fuku fuku. Yeye akasikia "kelele". Akawauliza wenzake, hizo kelele zenyewe zinaanzia wapi? Weee, walivyomcheka! Nyumbu alicheka mpaka akakaa chini.

"Kilele, mama, si kelele," akamwambia. "Wewe fuata masikio yako, sisi tuna macho."

Mama Ngiri aliona haya. Lakini watoto wana kiu. Akainua mkia, akawafuata nyuma, wanawe nao mikia juu.

Wakapanda. Msitu wakaupita. Mianzi wakaipita. Nyumbu mbele, shingo juu, macho kileleni. Kufika kwenye mawe, wingu likashuka, fuuu, likafunika mlima wote. Kilele hakipo! Nyumbu akaenda kulia, akarudi. Akaenda kushoto, akarudi. Wakapotezana, kila mmoja na baridi yake.

Mama Ngiri hakuona hata pua yake mwenyewe. Mtoto mmoja alikuwa amelegea, hasimami. Akapiga magoti amlambe, sikio likagusa jiwe. Churu, churu, churu. Akasogea, sauti ikakua. Akasogea tena. Chururururu! Maji hayo, yanatoka mwambani, baridi mpaka meno yanauma. Akanywa, akawanywesha wanawe. Aliyelegea akapiga chafya, akasimama. Mama akacheka huku analia.

Huko winguni Nyumbu alikuwa anaita, sauti imemkauka. Mama Ngiri alikikumbuka kile kicheko, na moyo ukamwambia anyamaze. Ila kiu alikuwa anaijua.

"Bwana Nyumbu, njoo huku! Fuata kelele zangu!"

Akaita, akaita, mpaka sauti ikampwelea. Wakaja mmoja mmoja, hata wa mwisho. Nyumbu akanywa kwanza, akashiba, ndipo akainamisha kichwa.

"Mama Ngiri, wewe ulikosea neno," akasema. "Mimi nilikosea njia."

Basi jamani, usimcheke mwenzako kwa neno alilokosea. Siku ya shida huenda yeye ndiye atakayekuita ukapona.

Hadithi yangu imetua hapo. Ikiwa imewakolea, ni yetu sote. Ikiwa haina chumvi, nirudishieni mwenyewe.