Aliyeapa Hayupo

Aliyeapa hayupo hadai mkeka.

Mmeisikia leo kwa bibi yenu, alipomwambia Chausiku. Asubuhi Chausiku alituma ujumbe kwamba yuko Mbagala, hawezi kuja kufua mazulia. Adhuhuri pilau ilipoiva, huyo mlangoni, ananusa. Mkacheka, kisha mkaniuliza: Babu, methali hii imetoka wapi, mbona shuleni hatukuisoma? Hamkuisoma kwa sababu waliotunga vitabu vyenu hawakunijua mimi. Ilianza siku ambayo palikuwa na mpumbavu mmoja, na msijichoshe kumtafuta. Ni huyu aliyeketi mbele yenu na meno yake kumi na moja.

Wakati huo nilikuwa mlinzi wa kiwanda cha mablanketi kule Chang'ombe. Nasema mlinzi, lakini kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka mingi, na hakuna mwizi aliyetamani mashine zilizoliwa na kutu. Eneo lilikuwa kubwa, ekari sita kasoro kidogo. Mbele jengo la ofisi, ghorofa nne, limetazama barabara. Nyuma maghala matatu yenye mapaa ya meno meno kama msumeno, na uwanja mpana wa malori. Kando ya uwanja palikuwa na mizani ya kupimia malori hayo, na nyuma ya mizani chumba na sebule. Nilipooa, marehemu mwenye kiwanda alinipa makazi humo, akaniambia, "Kaa, Kibwana, mpaka mmoja wetu achoke." Akachoka yeye kwanza, Mungu amrehemu.

Sisi tukakaa miaka kumi na tisa. Shangazi yenu Zuhura alizaliwa mle, na baba yenu naye. Bibi yenu alikuwa akiwashonea magunia wafanyabiashara wa nafaka. Kila siku isipokuwa sikukuu alitandika mkeka kwenye baraza ya mizani, akashona mpaka jua limfukuze.

Basi akaja mtoto wa marehemu, Bwana Mbaraka, ametoka ng'ambo alikokuwa akiishi. Alizunguka eneo lote bila kugusa kitu, kisha akaniita.

"Kibwana, wanunuzi wa siku hizi hawanunui kiwanda. Wananunua kitakachosimama hapa kiwanda kikishavunjwa. Maduka, ofisi, nyumba za kupanga. Ila hawataki eneo lenye mtu ndani. Mtu akiwemo, bei inashuka na kesi inapanda. Mimi nitawaambia ni tupu. Wewe hakikisha ni tupu."

"Na sisi, bwana?"

"Wewe nina nyumba yako Chanika. Vyumba vitatu, na kisima uani."

Tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa laini kama andazi. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini wakati wangu wa kushtuka ulikuwa bado.

Kuanzia siku ile nikajifanya dalali. Nikajifunza kusema "eneo la kimkakati." Nilimwambia muuza maji, nikamwambia kinyozi, nikamwambia na bibi yenu. Yeye akaniuliza, "Hiyo nyumba ya Chanika umeiona?"

"Nimeahidiwa."

"Sikuuliza kama umeahidiwa, Baba Zuhura. Nimeuliza kama umeiona."

Nikamwona hana macho ya biashara.

Siku moja kabla ya mnunuzi kuja kutazama, nikaanza kutufuta. Nikafungua kamba za kuanikia nguo. Nikang'oa mchicha wetu. Majiko, vitanda na masufuria nikayaficha ghala la tatu, chini ya mablanketi yaliyoliwa na panya. Kwenye ubao wa mlango nilikuwa nimechora kwa msumari vimo vya watoto, mwaka hadi mwaka. Nikaupaka ubao ule chokaa, mipako miwili. Kisha nikarudi nyuma hatua tatu nitazame kazi yangu. Pakawa kama hatujawahi kuzaliwa. Nikajisifu, eti pamependeza.

Asubuhi nikawapeleka watoto Keko kwa dada yake bibi yenu, nikamwambia na yeye awafuate. Akaniambia, "Tangulia."

Mnunuzi aliyetumwa na kampuni alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, jina lake Bi Anjelista. Hakuwa mtu wa kuonyeshwa vitu. Alipanda ghorofa zote nne kwa miguu, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akasimama juu ya paa akaonyesha mwenyewe, "Chini hapa maduka. Kule kwenye maghala nyumba za kuishi." Bwana Mbaraka akatabasamu. Mimi nikasema, "Eneo la kimkakati." Tukashuka, tukazunguka kwenye mizani.

Bibi yenu ameketi.

Katikati ya baraza, juu ya mkeka, amenyoosha miguu, gunia mapajani, shazia mkononi, ile sindano kubwa ya magunia. Anashona.

"Habari za hapa, mama?" Bi Anjelista akamsalimu.

"Njema."

"Unakaa hapa?"

"Mwaka wa kumi na tisa huu."

Bi Anjelista akamgeukia Bwana Mbaraka. Bwana Mbaraka akanigeukia mimi, na katika macho yake niliiona nyumba ya Chanika inabomoka chumba kimoja kimoja.

"Baba," Bi Anjelista akaniuliza, "unamfahamu huyu mama?"

Nikafungua mdomo niseme neno la akili. Likatoka hili: "Simfahamu. Mpita njia tu huyo, kajipumzisha."

Wajukuu zangu, mimi nimeanguka kutoka paa la ghala nikavunjika mguu huu mnaouona. Mguu haukuniuma kama nilivyoumwa na sauti yangu mwenyewe siku ile. Niliisikia kama ya mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu. Nikageuka kabisa nimtazame. Hapakuwa na mtu.

Bibi yenu hakutikisika. Aliuvuta uzi mpaka mwisho, akaukata kwa meno, akasema, "Na yeye muulizeni anakaa wapi."

Aliyeanza kuteleza hachagui pa kusimama. Nikajibu, "Mimi nakaa Keko. Huja asubuhi, huondoka jioni."

"Mama, una chochote cha kuonyesha kwamba unakaa hapa?" Bi Anjelista akauliza, kwa adabu.

Bibi yenu akainuka, akauendea ubao wa mlango, akapitisha ukucha. Chokaa mbichi ikabanduka. Chini yake ikatokea alama ya msumari, na maandishi yangu mimi: Zuhura, miaka saba. Akabandua tena. Zuhura, miaka minane. Bi Anjelista akatazama chokaa iliyoanguka, akanitazama mikono. Nilikuwa nayo kwenye kucha zote kumi. Akatoa daftari. "Jina lako, mama?"

"Mwanahamisi binti Shomari."

Akaandika, wakaenda zao.

Jioni ile nilijiandaa kwa ugomvi. Haukuja, na hilo likanitisha zaidi. Bibi yenu alinikaribisha ndani kama mgeni. Akaniletea maji ya kunawa, akanipakulia, akakaa mbali kidogo, akaniuliza, "Bwana Kibwana, Keko hawajambo?"

Wiki ya pili tukaitwa kwa wakili. Kampuni ilikubali kununua, pamoja na yule mpangaji mmoja aliyemo, Mwanahamisi, ambaye watamhamisha kwa haki yake. Mimi nilitakiwa kuapa tu. Wakili akanisomea polepole, kama mtu anayenionea huruma: sikai humo, sijawahi kukaa humo, wala sidai haki ya kukaa humo.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa."

Nikatia sahihi, nikaipigia na mkia mrefu. Kichwani nilikuwa Chanika, nachota maji kisimani.

Bwana Mbaraka akaondoka nchini wiki hiyo hiyo. Simu yake ikawa haipatikani. Nikayachukua maelekezo aliyoniandikia, nikaenda Chanika, nikauliza, nikafikishwa mahali penyewe. Palikuwa na msikiti. Si mpya, ukuta wake ulikuwa umeota kuvu, na ndani watu wazima wanaswali alasiri. Kisima kilikuwepo kweli, cha kutawadhia. Nikatawadha, nikaswali pamoja nao. Nilikosa jingine la kufanya.

Siku ya kuvunja ikafika. Buldoza limesimama getini linanguruma. Bi Anjelista akamkabidhi bibi yenu funguo za chumba na sebule mtaa wa pili, na karatasi inayosema jengo jipya likisimama atapata fremu moja ya duka, chini, upande wa barabara. Vitu vikapakiwa kwenye mkokoteni. Juu kabisa bibi yenu aliweka ule ubao wa mlango, alikuwa ameshaung'oa. Mimi nikajitwika godoro, nikafuata nyuma ya mkokoteni kama mwenye mali. Nikafika mlango mpya. Bi Anjelista alikuwa amesimama pale.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kwangu."

Akafungua faili. "Sahihi hii yenye mkia ni yako?"

"Yangu."

"Umeapa hukai kule. Kwa hiyo hapa pia sikuhamishi wewe. Na huyu mama ulisema humfahamu. Nikikuruhusu uingie na godoro nyumbani kwa mwanamke usiyemfahamu, majirani wataniitaje?"

Mwenye mkokoteni akakohoa ili asicheke.

"Mimi mumewe," nikasema. "Muulize mwenyewe."

"Nilikuuliza wewe kwanza."

Kule nyuma tukasikia ukuta unaanguka. Sikuhitaji kuambiwa ni upi. Mtu hujua mlio wa chumba chake. Godoro likaniteremka kichwani mpaka machoni. Nikasimama gizani mchana kweupe, nikielewa kwa mara ya kwanza kwamba duniani nilikuwa sina pa kuweka ubavu, na aliyefanya hivyo ana jina langu.

Mnataka kujua nililala wapi? Keko, kwa dada yake bibi yenu, wiki tatu. Kiapo changu kikawa kweli kwa kuchelewa. Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale mlangoni sikukubali kushindwa. Nililitupa godoro, nikachungulia ndani. Bibi yenu alikuwa ameshatandika mkeka kwenye sakafu mpya, ameketi, gunia mapajani. Watoto wamekaa ubavuni mwake. Nikaanza kesi yangu, na mtaa mzima unasikiliza.

"Mama Zuhura, waambie hawa mimi ni nani. Kile kiapo kilikuwa maneno ya karatasi. Niliyafanya yote kwa ajili yenu. Na huo mkeka uliokalia niliununua mimi, Kariakoo, kwa jasho langu. Nisogezee japo upande mmoja nikae, tuzungumze kama watu."

Bibi yenu akatunga uzi kwenye shazia. Akaulamba, akautunga tena, hana haraka. Kisha akajibu bila kuinua kichwa:

"Bwana Kibwana wa Keko, aliyeapa hayupo hadai mkeka."