Hamniwezi na Gari la Ng'ombe

Hadithi inapita!

— Ishike!

Inakimbia!

— Ishike mkia!

Nimeishika. Sasa kaeni chini, na wewe mwenye karanga, pitisha huku.

Hapo kale, wakati magari yalikuwa ya ng'ombe na honi ilikuwa mdomo wa mwenye gari, palikuwa na mjane akiitwa Bi Nyamizi. Macho yake yalikuwa yamefifia. Aliona jua, aliona moto, basi. Akienda kisimani, akienda shambani, akienda kwa jirani kuomba chumvi, alishika kamba iliyofungwa shingoni mwa mbwa wake, na mbwa akamwongoza. Mbwa huyo aliitwa Hamniwezi.

Hamniwezi alichechemea mguu mmoja, lakini fisi walimheshimu na nyoka walimpisha. Kitu kimoja tu alikiogopa: gari la ng'ombe. Akisikia magurudumu, krii, krii, krii, anatetemeka, udenda unamtoka, anaingia uvunguni. Msimcheke! Alipokuwa mdogo alitolewa kwa mama yake, akatiwa kwenye gunia, gunia likatupwa garini. Tangu siku hiyo alijua gari ni kitu cha kukutenga na watu wako. Hata wewe ungetetemeka.

Siku moja akaja Magembe, mkwe wa Bi Nyamizi, na gari lake. Kwao ni mbali, na njia inapita porini.

"Shikamoo, mama. Binti yako siku zake zimekaribia. Anasema hajifungui bila wewe."

"Marahaba, baba. Nakuja. Na Hamniwezi naye anakuja."

Magembe akamfunga Hamniwezi kamba, akamvuta. Hamniwezi akakaza miguu, kamba ikakatika, Magembe chali.

Magembe akaweka nyama garini. Hamniwezi akanyoosha shingo, akaichukua nyama, akaenda kuilia uvunguni.

Magembe akaleta gunia. Gunia, jamani! Hapo vumbi likatimka, na lilipotulia, suruali ya Magembe ilikuwa imechanika nyuma, kuanzia kiunoni mpaka gotini. Mbele ya mama mkwe! Bahati yake, macho ya mama mkwe yalikuwa yamefifia. Ya majirani hayakufifia.

Magembe akakaa chini, hainuki. "Mama, huyu ni mbwa tu. Tumwache."

Bi Nyamizi akaanza kulia. "Nikienda bila yeye, nitakaa pembeni kama mzigo, nangoja wa kunishika mkono. Nisipokwenda, mwanangu atajifungua bila mama. Baba, nichague lipi?"

Magembe akavuta vipande vya suruali, ajifunike.

Kumbe nyuma ya ua kulikuwa na mtu anachungulia, ameshika mbavu kwa kicheko. Ni Sikudhani, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta. Ukoo wake na ukoo wa Magembe ni watani. Na utani mnaujua: mtani akichukua kitu chako, hukasiriki. Mtani akikutukana, unacheka. Ukinuna, umewaaibisha mababu zako.

Sikudhani akaingia uani, akapanda garini, akajimwaga.

"Gari hili nimeliteka! Fungueni ng'ombe wakale majani. Mtani, nataka kuku, na nitamlia humu humu."

"Mtani, mke wangu anangoja!"

"Basi chinja haraka."

Magembe angefanyaje? Akacheka, cheko la mtu anayeumwa jino, akaenda kuchinja huku ameshika suruali kwa nyuma.

Sikudhani akala kuku. Mfupa wa kwanza akautupa mbali, karibu na mlango. Hamniwezi akautokea, akautafuna. Mfupa wa pili akautupa katikati ya ua. Hamniwezi akausogelea kwa tumbo, akautafuna. Mfupa wa tatu akauangusha chini ya gurudumu. Hamniwezi akatazama gurudumu, akatazama mfupa. Sikudhani hakumwita. Wala hakumtazama. Alikuwa anamsengenya Magembe kwa majirani. Mbwa akaenda.

Kisha Sikudhani akamwita Bi Nyamizi, akamtandikia kanga yake kuukuu humo garini, wakapiga soga mpaka jua likazama. Asubuhi watu wakamkuta Hamniwezi juu ya kanga ile, amejikunja, anakoroma.

"Haya, mtani," Sikudhani akasema, "sasa nataka kutembezwa. Ila si na ng'ombe. Na wewe."

"Mimi?"

"Suruali imechanika, kanga yangu hii hapa. Jifunge, uvute!"

Ee, msifiche nyuso, tazameni! Mkwe wa watu, kanga kiunoni, nira shingoni, anavuta gari. Ndani wamo mtani wake, mama mkwe wake na mbwa. Na Sikudhani anaimba, mwitikie:

"Krii, krii, gari, watupeleka wapi?"

— Kwenye mfupa!

Wakafika bandani kwa kuku. Simama! Wakashuka, Hamniwezi akapewa mfupa. Alikuwa anatetemeka.

"Krii, krii, gari, watupeleka wapi?"

— Kwenye mfupa!

Wakafika kisimani. Simama! Wakashuka, akapewa mfupa. Kutetemeka kumepungua.

"Krii, krii, gari, watupeleka wapi?"

— Kwenye mfupa!

Wakafika kwenye kichuguu, mwisho wa kijiji. Hapo Hamniwezi alikuwa amesimama mbele kabisa, mkia unapepea, anambwekea Magembe kwa kuvuta polepole.

"Fungeni ng'ombe," Sikudhani akasema. "Twendeni." Hakuna aliyemwalika, lakini garini hakushuka.

Wakapita porini mchana kutwa. Walipofika, sauti ya binti ilikuwa inasikika mpaka barabarani, analia kwa uchungu. Magembe akabaki ameshika kamba za ng'ombe. Hamniwezi akaruka chini, Bi Nyamizi akashika kamba, wakaenda. Ua ule hawakuwahi kuukanyaga. Wakapita kinu, wakapita mbuzi, wakaufuata ule mlio hadi mlangoni.

Mtoto akaangukia mikononi mwa bibi yake. Bi Nyamizi akampapasa uso kwa vidole. "Maskini," akasema, "pua amechukua yangu."

Magembe akalia mbele za watu bila kujificha. Kisha akatoka nje, akamkuta Sikudhani bado yumo garini, amenyoosha miguu.

"Mtani, nakushukuru. Kumbe muda wote huo ulikuwa unamzoesha mbwa!"

"Mbwa gani?" Sikudhani akasema. "Mimi nilikuwa nakula kuku. Leta mwingine."

Magembe akamkimbilia jogoo.

Hadithi yangu imefika, shusheni mzigo. Aliyeipenda aende nayo kwao. Aliyeichoka anirudishie karanga zangu.